Nimeambiwa nijikubali, na nguo za watu bado hazijaisha

Yaya, mkubwa wangu, jambo.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Lubumbashi, Katuba. Nina miaka 31 na mtoto mmoja wa kiume wa miaka minane. Wanawake wanakuja kwangu kutoka mitaa mingine ya mji, Kenya, Kamalondo, hata Golf, kwa sababu mitindo ninachora mwenyewe, sinakili katalogi ya mtu. Mteja akifungua kitenge mbele yangu, kabla hajamaliza kunieleza anachotaka nimeshaiona nguo: ua litakaa wapi, mstari utapinda wapi, bega lipi litabaki wazi. Hiyo sehemu, Yaya, haijawahi kunisumbua.

Shida ni yote yanayofuata. Nakata vizuri, naunga, halafu ikibaki pindo, zipu na vifungo, mwili unakataa. Nakaa mbele ya cherehani, kazi naijua, mkono hauendi. Mara mteja mwingine anaingia na kitenge kipya, napokea avansi, yaani malipo ya kutanguliza, moyo unawaka, ile nguo ya kwanza naitia mfukoni. Mifuko imejaa chini ya meza. Vipimo naviandika kwenye vipande vya karatasi na vipande vinapotea. Nasahau sufuria motoni. Usiku naamka kuchora, asubuhi sijiwezi. Lakini wazo likinishika, naweza kushona tangu asubuhi hadi giza bila kula, na mtoto akiniita simsikii.

Niko hivi tangu utoto. Mwalimu aliandika kwenye buletini, ripoti ya shule, kwamba akili ninayo, ila imekaa dirishani. Mama akinituma chumvi alikuwa ananifunga kitambaa mkononi ili nisisahau nilichotumwa, na bado nilirudi na sabuni.

Binamu yangu anayeishi Brussels aliambiwa na madaktari wa huko kwamba ana TDAH, ndiyo shida ya umakini na kutotulia ambayo Waingereza huiita ADHD. Akanitumia orodha ya maswali, nikajiona ndani yake kutoka juu hadi chini. Nikaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili hapa mjini. Aliniuliza mengi, akataka kuongea na mama pia kuhusu utoto wangu, mwisho akasema ndiyo, ni hiyo. Nilitoka pale nikilia kwa furaha, kwa sababu maisha yangu yote nimeitwa mvivu.

Furaha haikukaa. Mama anasema huo ni ugonjwa wa wazungu. Wenzake wa kikundi cha maombi wanataka nifunge na kukesha nao ili nifunguliwe. Binamu yangu yeye anasema nijikubali tu, kwamba kichwa hiki ni zawadi, ndicho kinachonipa mitindo. Anataka kunitumia vidonge vyake nivijaribu.

Halafu mwezi uliopita binti mmoja alivaa nguo ya kuazima siku ya mahari yake, kwa sababu yake ilikuwa kwangu bila mkono mmoja. Alikuja kulia mbele yangu. Nikamweleza habari ya TDAH. Akanijibu: «Hiyo ni yako. Mimi nguo yangu iko wapi?»

Tangu siku ile silali. Yaya, kujikubali ni kufanya nini hasa? Nikijikubali hivi nilivyo, si nimewatupa watu walioniamini? Nikijikataa, nitaishije? Au niache kushona, niuze makala, makaa ya kupikia, kama dada zangu?

Fundi wa Katuba

*

Mdogo wangu, jambo.

Nianze na yule binti wa mahari, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Alichokuambia ni haki yake. Na alichokuambia daktari nacho ni kweli. Wewe umekaa katikati ukitafuta lipi kati ya hayo mawili lishinde, ndiyo maana hulali. Hayashindani. Una TDAH, na binti yule anakudai. Ukishakubali kuyabeba yote mawili kwa pamoja, kazi iliyobaki ni kubwa lakini inafanyika.

Kuhusu daktari kwanza, kwa sababu naona bado hujamwamini sawasawa. Umeniandikia kwamba mwili unakataa ikibaki pindo, zipu na vifungo. Ipo orodha fupi ya maswali kwa watu wazima, iliyotungwa na wataalamu kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, na pengine ndiyo aliyokutumia binamu yako. Swali lake la kwanza kabisa linauliza hivi: ni mara ngapi unapata shida kumalizia vitu vidogo vya mwisho vya kazi, wakati sehemu ngumu zimeshapita? La kwanza, mdogo wangu, kabla ya kusahau na kabla ya kutotulia. Jambo ulilolionea aibu tangu ujana ndilo madaktari wanaloanzia kuuliza. Orodha peke yake haitoshi kumwambia mtu ana TDAH, na daktari wako amefanya vizuri kumwita mama, kwa sababu kanuni inataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na tena zionekane nyumbani, kazini, shuleni, siyo mahali pamoja tu. Mtu mzima anayeanza kusahau ghafla kwa sababu ya msiba, hofu au kukosa usingizi ana shida nyingine na anahitaji msaada mwingine.

Kinachotokea kichwani mwako si kukosa nia. Nia unayo, wewe mwenyewe umesema kazi unaijua. Ubongo wa namna hii hauwashwi na umuhimu wa jambo. Unawashwa na upya wake, ugumu wake, au hatari ya dakika ya mwisho. Kitenge kipya kina hayo yote. Pindo halina hata moja. Ndiyo maana unaweza kushona hadi giza bila kula, na kesho yake ukashindwa na vifungo vitano. Anayekutazama kwa nje anaona mtu anayeweza akitaka, anahitimisha kwamba siku nyingine hutaki. Kosa hilo ni la zamani. Daktari Mwingereza George Still, alipowaeleza madaktari wenzake mjini London mwaka 1902 kuhusu watoto wa aina hii, aliona wazi kwamba akili zao ni nzima, lakini hata yeye aliliita jambo lenyewe upungufu wa kujitawala kimaadili. Kama daktari aliyewachunguza kwa makini alisema hivyo, mama yako asilaumiwe kwa kukuita mvivu.

Na hilo la ugonjwa wa wazungu, mjibu kwa heshima. Mwambie Kinshasa watafiti waliwahi kuwauliza walimu wa shule za msingi kuhusu wanafunzi wao, wakachapisha matokeo mwaka 2005: takribani watoto 6 katika kila 100 walikuwa na dalili hizi. Hao ni watoto wa Kongo, wameelezwa na walimu wa Kongo. Hesabu za nchi nyingine hazitofautiani sana na hiyo. Jambo lenyewe hupita katika damu kwa nguvu, kwa hiyo si ajabu wewe na binamu yako kuwa nalo wote wawili.

Lakini ukiniuliza, mama yako hahitaji hesabu. Yeye ndiye aliyekufunga kitambaa mkononi. Alikuwa ameshajua, kabla ya daktari yeyote, kwamba kumkemea mtoto huyu hakuweki chumvi kichwani mwake, na kwamba ukumbusho unapaswa kukaa nje ya kichwa, mahali jicho linapoufikia. Kwa watu wenye TDAH hata leo msaada mwingi wa kila siku unajengwa juu ya wazo hilohilo. Mkumbushe kitambaa kile. Mwambie, mama, ulinisaidia vizuri, naomba unisaidie tena hivyohivyo. Nadhani atasikia kuliko ukimletea herufi nne za Kifaransa.

Maombi, wacha wakuombee, na ukitaka nenda ukae nao mchana. Kukesha na kufunga, kataa kwa upole. Kichwa chako kikikosa usingizi kinapungukiwa na kile kidogo cha utulivu kilicho nacho, na wewe tayari unakesha na michoro. Useme daktari amekataza mikesha, ukishamuuliza, naye atakubaliana nami.

Sasa binamu. Ninamshukuru kwa niaba yako, kwa sababu bila yeye ungekuwa bado unajiita mvivu. Lakini katika mambo mawili simfuati.

Vidonge vyake asivitume. Dawa inayotumika sana kwa TDAH, methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, ilitengenezwa tangu mwaka 1944 na imewasaidia watu wengi, watoto na wakubwa. Ila inaweza kupandisha mapigo ya moyo na presha, inaweza kuondoa usingizi na hamu ya kula, na kiasi chake hupangwa mtu kwa mtu, daktari akifuatilia. Tena iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazogusa akili. Kuituma ndani ya sanduku la zawadi kunaweza kuwaletea matatizo yeye na wewe. Rudi kwa daktari wako, muulize kama dawa inakufaa na kama inapatikana kwa njia halali. Jibu likiwa hapana, bado yapo mazungumzo ya tiba yanayokusaidia kupanga siku na kutuliza ile sauti ya kujitukana. Usione haya kupita mlangoni. Lubumbashi tuna kituo cha afya ya akili kinachoitwa Joseph Guislain, cha mabruda Wakatoliki wa Frères de la Charité, na watu wanadhani huko wanapelekwa waliovua nguo barabarani tu. Mwanamke mwenye atelye yake ya kushonea, mwenye akili timamu na shida ya umakini, ana haki ya kuketi kwenye benchi la kusubiri kama anavyoketi mwenye presha.

La pili ni hilo la zawadi. Watafiti wawili wa Marekani, Holly White na Priti Shah, mwaka 2006 waliwalinganisha watu wazima wenye TDAH na wasio nayo. Walipoombwa kutaja matumizi yasiyo ya kawaida ya kitu cha kawaida, wenye TDAH walitoa mawazo mengi kuliko wenzao. Walipopewa maneno matatu watafute moja linaloyaunganisha yote, wenye TDAH walishindwa zaidi. Naona humo maisha yako: kufungua njia nyingi ni rahisi, kuzikusanya ziwe moja ni taabu. Basi kichwa chako kinakupa kitu, sikatai. Ila jicho linalojua ua likae wapi hukuzaliwa nalo. Umelitengeneza kwa miaka ya kukata, kuharibu na kukata tena. Hiyo ni kazi yako, na usimpe TDAH sifa ambayo ni ya mikono yako. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu wasanii wengi wanaogopa kupata msaada wakidhani watapona na usanii utaondoka. Ukilala vizuri na ukamaliza nguo za watu, utaendelea kuona mabega na maua.

Umeniuliza kujikubali ni kufanya nini. Nikujibu ninavyoamini.

Hukujikataa pale nguo ya yule binti ilipobaki bila mkono. Ulijikataa mapema zaidi, siku alipokuja na kitenge chake nawe ukamwambia njoo Jumamosi. Siku ile uliahidi kwa niaba ya fundi mwingine: fundi asiyepoteza vipimo, asiyechoshwa na pindo, anayeamka kila asubuhi akiwa yuleyule. Huyo fundi hayupo. Wateja wanampa yeye avansi, kisha wanakukuta wewe. Na kila mara akishindwa kutokea unajichapa, halafu unaahidi tena kwa jina lake, ukitumaini kwamba safari hii atakuja. Kumngojea huyo mwanamke ndiko kunakokumaliza. Kujikubali ni kuacha kumngojea, na kuanza kuahidi kile ambacho wewe mwenye kichwa hiki unaweza kukitimiza. Ukifanya hivyo hujawatupa watu. Ndipo kwa mara ya kwanza utakuwa umewaambia ukweli.

Kwa hiyo makala waachie dada zako. Anayesahau pindo atasahau na mizani, na huko hakuna kitenge cha kukuamsha. Shona, lakini atelye yako uibadilishe.

Jambo la kwanza, kazi ya kumalizia impe mtu mwingine. Natumaini utalifanya hili hata ukiyaacha mengine yote niliyoandika. Katuba nzima haikosi fundi anayependa kazi safi ya mwisho, wa oveloki, pindo, zipu, matundu ya vifungo, ambaye kuchora mtindo humchosha kama vifungo vinavyokuchosha wewe. Mtafute, kaeni chini, sehemu ya bei ya kila nguo iwe yake tangu mwanzo, na mteja ajue. Faida yako kwa nguo moja itapungua. Nguo zitakazotoka mlangoni zitaongezeka. Najua kuna sauti ndani yako itakayosema fundi wa kweli anamaliza mwenyewe, na sauti hiyo ina nguvu hasa kwa mtu aliyeitwa mvivu tangu utoto. Ujue basi jinsi uchoraji wa mji huu ulivyojulikana. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji. Hakutaka waige Ulaya, akamwacha kila mmoja atafute njia yake. Pilipili Mulongoy akajaza picha zake samaki na ndege. Mwenze Kibwanga akajenga maumbo kwa mistari mifupimifupi. Bela Sara, aliyekuwa mlinzi wa Desfossés, akaacha brashi, akapaka rangi kwa ncha za vidole. Hakuna aliyemwambia Bela kwamba mchoraji wa kweli hushika brashi. Picha zao zilifika mbali, na ukitazama leo unajua mara moja ipi ni ya nani.

Jambo jingine ni avansi, na hapo nitakuwa mkali. Usipokee pesa ya kitenge kipya kabla nguo iliyo mezani haijatoka. Avansi ndiyo inayokulevya, kwa sababu inakuja pamoja na upya. Mteja mpya aandikwe kwenye daftari la kusubiri, arudi na kitenge chake nyumbani. Wengine wataondoka moja kwa moja. Wacha waende. Mezani ikae nguo moja, mifuko iliyobaki ikae kwa huyo mwenzako au kwa mama yako, mahali ambapo huwezi kuichomoa usiku wa manane.

Kila nguo iwe na siku ya esayaje katikati, mteja aje aijaribu. Unahitaji macho ya mtu yakikusubiri karibu, kwa sababu tarehe ya mbali kwako ni kama haipo. Na ukifika kwenye zile saa ambazo mkono hauendi, usikae peke yako na cherehani. Mwite jirani aje kuchambua sombe, majani ya muhogo, palepale ulipo. Hatakusaidia kushona, ila ukiwa na mtu kando yako kazi inaanza kwenda. Watu wengi wenye TDAH wanalisema hili, na nadhani wewe umeshaliona bila kulitilia maanani.

Vipimo: daftari moja kubwa, limefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Michoro ya usiku: daftari jingine kando ya kitanda, chora, funga, lala. Mchoro haujamwahidi mtu chochote, unaweza kungoja hata mwaka.

Yote haya yatafanya kazi kwa muda, kisha siku moja yatakuchosha, maana yatakuwa yamezeeka. Siku hiyo usiseme nimerudi kuwa yule yule. Badilisha rangi ya daftari, badilisha siku ya esayaje, uendelee.

Kwa yule binti, nenda wiki hii. Usimweleze TDAH tena, ameshakuambia hiyo ni yako na ana haki. Mrudishie avansi yote. Kama imeshaliwa, mpe uliyo nayo na mpatane siku ya kukamilisha. Mpe na nguo yake iliyokamilika, mkono umetiwa na yule fundi wa kumalizia, bila malipo. Anaweza akaipokea, anaweza akakataa, na hata akikusema vibaya mtaani usimjibu. Kisha wapigie wenye mifuko iliyo chini ya meza, mmoja baada ya mwingine, ukiwa na huyo mwenzako kando yako, uwape tarehe ambayo yeye ndiye ameitaja.

Kuhusu mwanao hukuniuliza, lakini umeandika umri wake, nami nimekumbuka kwamba jambo hili hupita katika damu. Mtazame. Akiwa mtulivu, hana shida, mwache. Ukiona ya kwako ndani yake, usingoje afike miaka 31. Mpeleke kwa daktari yuleyule, na kabla ya hapo nenda shuleni umwombe mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha, ampe agizo moja kwa wakati mmoja, na asimchape kwa kusahau. Mwalimu akikataa, mpeleke mama yako, yeye ana uzoefu wa mtoto wa namna hiyo kuliko sisi wote.

Niandikie ukishapata mtu wa kumalizia, uniambie mmegawana bei vipi. Wapo mafundi wengine wanaonisoma ambao wangependa kujua.

Yaya wako